Tunalipia Hekta, Pori Linaishi kwa Kiungo

Chukua msitu wa mraba wenye kilomita 10 kila upande. Hizo ni hekta 10,000. Sasa uchukue vipande 100 vya msitu, kila kimoja kilomita 1 kwa kilomita 1, vilivyotawanyika katikati ya mashamba na barabara. Navyo jumla yake ni hekta 10,000, na kwenye daftari la hifadhi misitu hii miwili ni sawa. Lakini upepo na jua la pembeni huingia msituni. Katika vipande vya msitu karibu na Manaus, Brazil, ambavyo vimefuatiliwa tangu 1979, vifo vya miti vilivyozidi kawaida vilipimwa hadi takriban mita 300 kutoka ukingoni. Toa mita 300 kila upande. Msitu mmoja mkubwa unabaki na kiini cha hekta 8,836. Vipande vile vinabaki na hekta 16 kila kimoja, yaani 1,600 kwa vyote. Hiyo haifiki hata moja ya tano.

Hali hii imeenea duniani kote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya misitu iliyosalia ulimwenguni iko ndani ya kilomita 1 kutoka ukingoni. Hata hivyo fedha za uhifadhi bado zinapimwa kwa hekta. Serikali inatangaza asilimia ya ardhi iliyotengwa, mfadhili anauliza ni dola ngapi kwa hekta, na mwenye mradi wa kuuza kaboni inayohifadhiwa na miti anazidisha tani kwa hekta. Makubaliano ya kimataifa ya bioanuwai ya Kunming na Montreal ya Desemba 2022 yaliweka lengo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, na lengo hilohilo linataka maeneo hayo yawe yameunganishwa vizuri. Asilimia 30 inahesabika kwa ramani na kikokotoo. Kuunganishwa hakuhesabiki kirahisi hivyo, na ndiko kunakoachwa nyuma, kwa sababu hekta za bei nafuu ziko milimani, kwenye miamba na jangwani, mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kulima hata bila hifadhi. Njia ya wanyama kati ya pori na pori hupita bondeni, kwenye udongo mzuri na maji, na huko ndiko bei ya ardhi inakopanda.

Je, kiungo chenyewe kina thamani ya kulipiwa peke yake? Jibu safi kuliko yote limetoka South Carolina, Marekani, kwenye eneo la Savannah River. Watafiti walifungua maeneo ya uwazi ndani ya mashamba mazito ya misonobari. Mengine yaliunganishwa kwa kichochoro cha mita 150 kwa 25, na mengine yakaachwa peke yake, lakini yale ya peke yake yakaongezewa ukubwa uleule wa kichochoro, ili kila eneo liwe na hekta 1.375. Kwa hiyo ukubwa ulikuwa sawa na kilichotofautiana ni muunganiko. Baada ya miaka 18, yaliyounganishwa yalikuwa na aina za mimea zaidi kwa takriban asilimia 14, na pengo lilikuwa bado linapanuka. Mchumi anayesoma matokeo hayo anapaswa kuona kwamba hekta moja ina bei mbili, kutegemea imekaa wapi.

Tatizo linaanza unapotaka kuinunua. Ushoroba, yaani njia ya wanyama inayounganisha pori na pori, ni mnyororo, na uzalishaji wa mnyororo haufuati hesabu ya kawaida ya kuongeza kidogo kidogo. Tuseme ushoroba unapita kwenye viwanja 12 na kila mmiliki ana uwezekano wa asilimia 90 wa kuacha ardhi yake wazi kwa muongo mmoja ujao. Ungekuwa unapanua hifadhi upande mmoja tu, ungetarajia kubaki na viwanja karibu 11, na ungefurahi. Kwenye ushoroba lazima vyote 12 vibaki. Zidisha 0.9 kwa yenyewe, ikitokea mara 12: unapata asilimia 28. Kwa asilimia 95 kila mmoja, mnyororo unafika 54. Ili ufikie karibu 89, kila mmiliki anahitaji kuwa na uhakika wa asilimia 99. Mpango unaoitwa wa mafanikio kwa sababu wamiliki tisa kati ya kumi wamekubali unaweza kuwa umenunua kitu ambacho kwa tembo au nyumbu hakipo.

Hapo ndipo mwenye kipande cha mwisho anapopata nguvu. Weka tarakimu za mfano. Ushoroba mzima una thamani ya 1,200 kwa mnunuzi. Kila kiwanja kingemwingizia mwenyewe 50 kwa kilimo, hivyo viwanja 12 ni 600, na biashara inaonekana nzuri. Mnunuzi analipa 50 kwa 11 wa kwanza, jumla 550. Anapofika kwa wa kumi na mbili, zile 550 zimekwisha kutoka na hazirudi. Bila kiwanja hiki hana kitu. Akikipata ana 1,200. Mwenye kiwanja akilijua hilo, anaweza kuomba 900 na mnunuzi akaona bado afadhali alipe. Wale 11 wakisikia, mkataba wa mwaka unaofuata hautakuwa wa 50 tena. Na kwa kuwa kila mtu anajua kuwa wa mwisho ndiye anayenufaika, kila mmoja anataka kuwa wa mwisho. Mazungumzo yanakwama bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Dawa ya kwanza ni kuwa na njia mbili kwenye ramani kabla ya kutoa senti. Kama wanyama wanaweza kupita mashariki au magharibi ya kilima, wamiliki wa mashariki wanashindana na wa magharibi kama makundi, na nguvu ya mtu mmoja inapungua sana. Nadhani hiki ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote: wataalamu huchora mstari mmoja bora, wanautangaza kwenye warsha, na siku hiyohiyo bei ya kila kiwanja kilichoguswa na mstari huo inabadilika. Njia ya pili ikiwa mbaya kidogo kwa wanyama, bado inafaa kuwepo mezani kwa sababu inashusha bei ya ile bora.

Dawa ya pili ni mkataba wenye sharti. Kila mmiliki anasaini kwa bei inayojulikana, anapokea malipo madogo ya kushikilia nafasi, na mkataba mkuu unaanza kazi siku wote waliotajwa wamesaini. Isipotimia ndani ya muda uliowekwa, kila mtu yuko huru na anabaki na malipo yake madogo. Hapo mnunuzi hafiki kwa mtu wa mwisho akiwa amekwishamwaga fedha, na shinikizo linatoka kwa majirani wanaosubiri malipo yao badala ya kutoka kwa mgeni mwenye mkoba. Kinachoharibu utaratibu huu mara nyingi ni mwaka wa fedha wa mfadhili: bajeti inaisha Desemba, ofisa anaogopa kurudisha salio, analipa waliosaini bila kungoja wengine, na sharti linakufa.

Kutwaa ardhi kwa amri na kulipa fidia kunamaliza tatizo la mtu wa mwisho kwenye karatasi, lakini ushoroba unalindwa na watu wanaoishi kandokando yake kila usiku. Ukiwaanza kwa amri, gharama ya ulinzi ya miaka yote inayofuata inapanda. Ninaona ifae tu kwa upenyo mwembamba kabisa, baada ya njia nyingine kushindwa, na fidia itangulie.

Malipo ya kuungana ni njia nyingine yenye ushahidi. Kanuni yake ni kwamba mmiliki anapata kiwango cha msingi kwa ardhi yake, na nyongeza kwa kila mpaka anaochangia na jirani aliyejiunga. Nyongeza hiyo inamfanya kila aliyejiunga awe wakala wa kumshawishi jirani. Oregon, Marekani, iliweka toleo rahisi la wazo hili kwenye kingo za mito: pale angalau nusu ya kingo ndani ya kipande cha mto cha maili 5, yaani kilomita 8, inapoandikishwa, washiriki wanapata malipo ya ziada ya mara moja, sawa na malipo ya msingi ya mwaka ya kukodi ardhi mara nne. Kosta Rika ilianza upande wa pili. Sheria yake ya misitu Na. 7575 ya mwaka 1996 ilipiga marufuku kubadili msitu kuwa matumizi mengine, kisha ikawalipa wenye misitu kwa fedha zilizotoka hasa kwenye ushuru wa mafuta, na baadaye maombi yaliyo ndani ya shoroba za kibiolojia yakapewa kipaumbele. Leo misitu inafunika zaidi ya nusu ya nchi. Watu hunukuu malipo na kusahau marufuku. Vyote viwili vilifanya kazi pamoja, na kiwango cha malipo pekee kisingeshindana na bei ya ardhi nzuri.

Linganisha mifano miwili ya Afrika Mashariki, kwa sababu tofauti yake inafundisha kuliko nadharia. Kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mpango wa kukodi ardhi Kitengela ili iachwe wazi kwa wanyama ulianza mwaka 2000 ukilipa shilingi 300 za Kenya kwa ekari kwa mwaka, karibu dola 4 kwa wakati huo. Malipo yaligawanywa mara tatu ili yaendane na karo za shule, jambo la busara sana. Lakini ranchi ya pamoja ilikuwa imeshagawanywa kuwa hati za mtu mmoja mmoja, mji ulikuwa unakuja mbio, na bei ya kiwanja ikapaa mbali na kodi ya nyumbu. Asiyejiunga alijenga uzio katikati ya waliojiunga. Nyumbu wa eneo hilo, waliokuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, walishuka hadi elfu chache.

Mashariki ya Tarangire, Tanzania, kampuni za utalii ziliingia makubaliano na kijiji cha Terrat mwaka 2005: kijiji kinapokea malipo ya kila mwaka, na tambarare za Simanjiro ambako nyumbu na pundamilia huzalia wakati wa mvua hazilimwi wala kujengwa makazi ya kudumu. Mifugo inaendelea kulisha. Hapa ardhi ilikuwa chini ya kijiji, hivyo saini moja ilifunga eneo kubwa lisilo na tundu katikati, na jambo lililozuiwa, kilimo, halikuwa tegemeo kuu la wafugaji wenyewe. Gharama waliyobeba kwa kutolima ilikuwa ndogo, nayo faida ya kubakiza malisho ilikuwa yao pia. Udhaifu wake uko kwingine: fedha zikiingia kwenye mfuko wa kijiji, kaya inayopoteza ndama kwa simba haizioni moja kwa moja. Malipo ya pamoja yanahitaji daftari linalosomwa hadharani, vinginevyo saini moja inageuka kuwa saini ya watu wachache.

Barabara ni sura nyingine, na hapa hesabu zinakubali haraka. Hifadhi ya Taifa ya Banff, Kanada, ina madaraja 6 ya wanyama ya juu na vivuko 38 vya chini kwenye barabara kuu, pamoja na uzio wa mita 2.4. Ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na kwa kulungu na elki (aina ya kulungu wakubwa) pekee kwa zaidi ya asilimia 96. Utafiti wa Marekani wa 2009 ulikadiria gharama ya wastani ya kugonga kulungu wa kawaida kuwa dola 6,617 na elki dola 17,483, kwa thamani ya dola ya 2007. Sehemu yenye ajali 10 za elki kwa mwaka inapoteza dola 174,830 kila mwaka. Kwa miaka 50 na kiwango cha punguzo, yaani kiasi ambacho thamani ya fedha ya baadaye hushushwa kila mwaka, cha asilimia 3, thamani ya sasa ni karibu dola milioni 4.5. Fedha hizo tayari zinalipwa, kupitia bima, hospitali na mafundi gereji. Makosa ya ujenzi yanajirudia: uzio unaoishia mahali pabaya huwaongoza wanyama kuvuka pale unapokatika, mnyama aliyeingia upande wa barabara anahitaji tuta la kurukia nje, na lisipowekwa anabanwa humo, na sehemu ya chini ya waya isiyofukiwa inachimbwa. Kosa kubwa kuliko hayo ni kujenga kivuko kabla ya kufunga mikataba ya ardhi ya pande zote mbili. Kivuko kinaongeza umaarufu wa mahali, viwanja vinauzwa, na daraja linaishia kwenye ukuta wa nyumba.

Maji yanalipa vizuri kwa sababu yenyewe yanakataa kuhesabiwa kwa hekta. Shamba moja linaloporomoka linachafua kazi ya mashamba yote ya juu yake. New York ilikubali hivyo mwaka 1997. Mtambo wa kuchuja maji ya jiji yanayotoka mabonde ya Catskill na Delaware ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 6 hadi 8, mbali na uendeshaji, na jiji likaona ni nafuu kutumia takriban bilioni 1.5 kununua ardhi, kufanya mikataba na wakulima na kukarabati mifumo ya majitaka vijijini. Quito, Ekwado, ilianzisha mfuko wa kulinda vyanzo vya maji mwaka 2000, na shirika la maji la jiji huweka humo asilimia 2 ya mauzo yake. Wapangaji wa shoroba wafuate mito popote inapowezekana: kingo za mito ni mapito ya asili ya wanyama, na zina mnunuzi ambaye hategemei mtalii.

Kaboni ni mnunuzi dhaifu zaidi kwa kazi hii kuliko inavyotangazwa. Ndani ya mita 500 za kwanza kutoka ukingoni, misitu ya tropiki hubeba kwa wastani kama asilimia 25 pungufu ya uzito wa miti ikilinganishwa na ndani, kwa hiyo msitu uliokatwakatwa unauza tani ambazo hauna. Kisha kuna uvujaji: ukizuia ukataji hapa, mahitaji ya mbao na mashamba yanahamia pengine. Makadirio ya 2004 kwa Marekani yalionyesha uvujaji wa kati ya chini ya asilimia 10 na zaidi ya 90, kutegemea eneo na aina ya mradi. Na soko linalipa tani sawa popote ilipo, hivyo hekta ya upenyo mwembamba, ambayo mara nyingi ni nyasi na vichaka, inapata kidogo kuliko hekta ya mbali isiyounganisha chochote.

Kuna pingamizi la haki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanaikolojia Daniel Simberloff na wenzake walionya kuwa shoroba zinaweza kupitisha moto, magonjwa na viumbe vamizi, na kwamba fedha hizo huenda zingefaa zaidi kupanua hifadhi yenyewe. Ushoroba mwembamba mno ni ukingo mtupu: wenye upana wa mita 600 na athari ya mita 300 kila upande una kiini cha sifuri. Lakini kukata kiungo nako kuna bili yake. Florida, chui wa puma waliobaki 20 au 30 walikuwa wanazaliana wao kwa wao hadi mwaka 1995, walipoletwa majike 8 kutoka Texas. Kazi ambayo miguu ya mnyama ilifanya bure ikahitaji mitego, madaktari, magari na miaka ya ufuatiliaji.

Kinachozima miradi hii mezani kwa wapangaji ni punguzo la wakati. Faida ya 100 itakayokuja baada ya miaka 50 ina thamani ya leo ya karibu 23 kwa kiwango cha asilimia 3, na karibu 2 kwa asilimia 8. Barabara na mashamba hulipa mapema, pori hulipa polepole bila kukoma. Wanauchumi John Krutilla na Anthony Fisher walilijibu hili walipochambua bwawa lililopendekezwa Hells Canyon kwenye mto Snake, Marekani. Faida ya umeme wa bwawa hushuka kadiri mitambo mbadala inavyokuwa nafuu, na thamani ya bonde lisiloguswa hupanda kadiri mabonde ya aina hiyo yanavyopungua. Kuziweka zote mbili sawasawa kwa miaka 50 ni kosa la hesabu kabla hata ya kuchagua kiwango cha punguzo. Bonde hilo lililindwa kwa sheria mwaka 1975. Hoja hiyo ina uzito zaidi kwa ushoroba. Kuufunga huchukua msimu mmoja wa kulima. Kuufungua tena ni kununua nyumba, visima na makaburi ya watu.

Mwisho kuna bili ya kila mwaka, na ndiyo inayoangusha miradi iliyonunuliwa vizuri. Walinzi, alama za mipaka, marekebisho ya uzio, na hasara za majirani walio nje ya ushoroba, ambao mara nyingi hawamo kwenye mkataba wowote ingawa tembo wanaanzia kwao. Kwa mashamba hayo, uzio wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, mizinga halisi na ya bandia ikipishana kila mita 10, umepunguza uvamizi, mradi mizinga ina nyuki. Wakati wa ukame makundi huhama na uzio unabaki mbao tupu, kwa hiyo maji na matunzo yaingie kwenye bajeti. Tuseme yote hayo ni dola 40,000 kwa mwaka. Mfuko wa kudumu unaotoa asilimia 4 bila kula mtaji unahitaji dola milioni 1 siku ya kwanza. Kinachotolewa kwa kawaida ni fedha za miaka mitatu, dola 120,000, na matumaini. Mwenye ardhi anaijua tarehe ya malipo kuliko mhasibu. Malipo yakichelewa msimu mmoja, nguzo za uzio zinaanza kuchimbiwa. Mkataba utaje tarehe hiyo, nyongeza atakayolipwa mwenye ardhi kwa kila mwezi wa kuchelewa, na akaunti tofauti ambayo malipo ya miaka miwili ijayo yamo tayari kabla mtu yeyote hajaombwa kusaini.